Tiger JK: Mkorea wa Los Angeles aliyejibu moto wa 1992 kwa rap

Tarehe 29 mwezi wa nne 1992, mchana, redio na televisheni za Los Angeles, huko Marekani, zilitangaza hukumu ambayo mji mzima ulikuwa unaingojea. Askari polisi wanne, walioshtakiwa baada ya video kuonyesha Rodney King, raia mweusi aliyekuwa chini, akipigwa virungu, waliondolewa hatia karibu kwa mashtaka yote. Kufika usiku, maduka yalikuwa yanaungua. Fujo iliendelea kwa siku kadhaa mpaka jeshi likaletwa. Watu zaidi ya 60 walipoteza maisha, na mali ya karibu dola miliardi moja ikateketea. Kati ya maduka yaliyoporwa na kuchomwa, zaidi ya 2000 yalikuwa ya Wakorea.

Wakorea wa Marekani wanaiita siku hiyo Sa-i-gu, maana yake nne-mbili-tisa. Ni tarehe tu: mwezi wa nne, siku ya 29. Hawakuongeza neno lingine.

Wakati ule, katika mji huo aliishi kijana Mkorea wa miaka 17 aliyependa sana muziki wa majirani wale ambao watu wake walikuwa wanawaogopa. Jina lake Seo Jung-kwon. Leo anajulikana kama Tiger JK, na huko Korea ya Kusini wanamhesabu kati ya wazee wa hip-hop ya inchi yao. Kabla ya kufika hapo, alipita katikati ya watu wawili waliochukiana, kisha akapita katikati ya inchi mbili, kila moja ikimuona kama mgeni.

Mtoto wa nyumba ya muziki

Seo Jung-kwon alizaliwa Seoul, mji mkuu wa Korea ya Kusini, tarehe 29 mwezi wa saba 1974. Muziki aliukuta nyumbani. Baba yake, Suh Byung-hoo, alikuwa mwandishi wa habari za muziki, mmoja wa watu wa kwanza kuwaelezea Wakorea muziki wa pop, na aliandikia gazeti la Billboard la Marekani kutoka Korea. Mama yake, Kim Sung-ae, alikuwa muimbaji katika kundi la wanawake lililoitwa Wild Cats.

Zile zilikuwa nyakati ngumu kwa wasanii. Korea ya Kusini ilikuwa chini ya utawala wa Park Chung-hee, mwanajeshi aliyeshika mamlaka kwa nguvu mwaka 1961. Mwaka 1975 serikali yake ilikataza mamia ya nyimbo, nyingine kwa sababu za siasa, nyingine kwa sababu walisema zinaharibu tabia ya vijana. Kila wimbo ulipaswa kupita kwanza mikononi mwa watu wa serikali kabla ya kuuzwa. Mtoto aliyekua katika nyumba ya mwandishi na muimbaji alijifunza mapema kwamba maneno ya wimbo yanaweza kumtia mtu matatani.

Alipokuwa na miaka kama 12, alijikuta Marekani. Familia nyingi za Kikorea zilikuwa zimeshahamia huko tangu sheria ya uhamiaji ya 1965, iliyofungua mlango kwa watu wa Asia. Los Angeles ndio uliokuwa mji mkubwa wa Wakorea hao, hata wakapata mtaa mzima wenye jina lao, Koreatown. Watoto wao walisoma pamoja na Wazungu, Weusi na Walatino, na walijifunza Kiingereza shuleni na barabarani. Kijana Jung-kwon alikijifunza pia kupitia kaseti za rap.

Duka na jirani yake

Ili kuelewa moto wa 1992, ni lazima kuelewa maduka yale yalitoka wapi.

Wakorea wengi waliofika Los Angeles walikuwa wamesoma, lakini vyeti vyao havikutambuliwa na Kiingereza chao kilikuwa kidogo. Njia iliyobaki ilikuwa biashara ndogo. Mtaji waliupata kwa kye, ambayo ni sawa na likelemba: watu kumi ao ishirini wanatoa pesa kila mwezi, na kila mwezi mmoja wao anazibeba zote. Kwa pesa hizo walinunua maduka ya vyakula na pombe katika mitaa ya kusini ya mji, walikokaa Weusi na Walatino. Bei ilikuwa chini kule kwa sababu wafanyabiashara wengi Wazungu walikuwa wamekimbia tangu fujo ya Watts ya 1965. Baba, mama na watoto waliuza kutoka asubuhi mpaka usiku, mara nyingi nyuma ya kioo kizito kwa sababu ya wezi wenye bunduki.

Majirani Weusi nao walikuwa na malalamiko yao. Walisema wanafuatwa nyuma dukani kama wezi, pesa yao inapokelewa bila salamu, na hakuna kijana wao anayepewa kazi. Benki ziliwanyima mkopo wa kufungua duka katika mtaa wao wenyewe, na kila siku waliona mgeni amesimama nyuma ya meza ya duka. Kila upande ulikuwa na sababu ya uchungu wake, na pande hizo mbili zilikutana kila siku mahali pamoja.

Tarehe 16 mwezi wa tatu 1991, msichana mweusi wa miaka 15, Latasha Harlins, aliingia katika duka moja la aina hiyo. Alichukua chupa ya maji ya machungwa ya bei ya dola 1 na senti 79, akaitia katika mfuko wake wa mgongoni, na pesa aliishika mkononi. Mwenye duka, mwanamke Mkorea aliyeitwa Soon Ja Du, alidhani anaibiwa. Walishikana na kupigana. Latasha aliiweka chupa mezani na kugeuka aondoke, ndipo mwanamke yule akampiga risasi nyuma ya kichwa. Kamera ya duka ilirekodi yote.

Mahakama ilimpata Du na hatia ya kuua, kosa lililoweza kumfunga mpaka miaka 16. Lakini mwezi wa kumi na moja 1991 jaji alimuachilia bila kifungo: alipewa miaka mitano ya kuangaliwa, saa 400 za kazi za bure na faini ya dola 500. Tarehe 21 mwezi wa nne 1992 mahakama ya rufaa ilikubali hukumu hiyo. Siku nane baadaye ikatoka hukumu ya askari wa Rodney King. Weusi wa Los Angeles walizihesabu hukumu hizo mbili pamoja.

Wimbo na jibu lake

Hasira hiyo ilikuwa imeshaingia katika muziki. Mwishoni mwa 1991, Ice Cube, mmoja wa marapa wakubwa wa Los Angeles, alitoa albamu yake Death Certificate. Ndani yake mlikuwa wimbo mfupi, usiofika hata dakika moja, wenye jina Black Korea. Uliwaonya wenye maduka Wakorea wawaheshimu Weusi, la sivyo maduka yao yatachomwa. Wafanyabiashara Wakorea waligoma kuuza pombe ya kampuni iliyomtumia rapa huyo katika matangazo yake. Baadaye Ice Cube alikutana na wawakilishi wao na kuomba radhi. Lakini maneno yalikuwa yamekwisha kutoka, na miezi michache baadaye moto uliwaka kweli.

Kwa kijana Mkorea mwenye kupenda rap, hapo palikuwa pagumu. Angeweza kuziacha kaseti zake, kama vile wazazi wengi walivyotaka. Angeweza pia kunyamaza na kujifanya haoni. Mwaka huo wa 1992, katika tamasha la hip-hop mjini Los Angeles, Jung-kwon alipanda jukwaani na kurap kumjibu Ice Cube. Wimbo wake uliitwa Call Me Tiger. Haukuwa wimbo wa kulipiza matusi. Aliomba Weusi na Wakorea wasikilizane.

Mtu aweza kusema kijana mmoja na wimbo mmoja hawazimi moto, na ni kweli. Lakini tuangalie alichokifanya. Alijibu katika muziki uleule uliomtisha, kwa sheria za muziki huo, mbele ya watu waliozijua sheria hizo vizuri kumpita. Katika rap, mtu akikutaja kwa ubaya unajibu jukwaani kwa maneno, na watu wanaosikiliza ndio wanaoamua. Kwa kujibu namna hiyo, kijana alionyesha kwamba anawahesabu Weusi kuwa watu wa kuzungumza nao. Hicho ndicho kilichokuwa kimekosekana kati ya muuzaji na mnunuzi pale dukani.

Mgeni katika inchi yake mwenyewe

Mwezi uleule wa nne 1992, upande wa pili wa bahari, vijana watatu walioitwa Seo Taiji and Boys walionekana katika mashindano ya televisheni ya Korea. Waliimba na kurap kwa Kikorea, na waamuzi wakawapa alama za chini kuliko wote. Katika majuma yaliyofuata vijana wa Korea waliununua wimbo huo kwa wingi, na muziki wa inchi ukabadilika. Lakini kwa makundi mengi yaliyowafuata, rap ilibaki kama pilipili katika mboga: mistari michache katikati ya wimbo wa kuchezwa. Waliojua hip-hop yenyewe walikuwa wachache, wengi wao wakiwa wachezaji ngoma waliojifunza katika klabu za Itaewon, mtaa wa Seoul ambako askari wa Marekani walikwenda kustarehe.

Mwaka 1995 Tiger JK alijaribu bahati yake katika soko hilo. Albamu yake ya kwanza, Enter the Tiger, ilitolewa Korea na haikufaulu. Los Angeles alikuwa ameonekana kama mtoto wa wenye maduka. Seoul alionekana kama Mmarekani aliyekosea njia. Alirudi Marekani.

Alijaribu tena akiwa na mwenzake DJ Shine, Mkorea mwingine aliyekulia Marekani. Kundi lao waliliita Drunken Tiger. Mwaka 1999 walitoa Year of the Tiger, na safari hiyo watu walisikiliza. Wimbo wao mmoja uliwauliza Wakorea moja kwa moja kama wanaijua hip-hop. Swali hilo liliwaudhi wengine, lakini vijana wengi walilipenda.

Wakati nao ulikuwa umebadilika. Mwaka 1996 Korea ilikuwa imefuta sheria ya kuchunguza nyimbo kabla ya kutolewa, ile iliyowabana watu wa kizazi cha wazazi wake. Mwishoni mwa 1997 uchumi wa inchi ulianguka, serikali ikaomba mkopo mkubwa kwa Shirika la Fedha la Kimataifa, FMI, na wababa wengi waliozoea kufanya kazi katika kampuni moja maisha yote walijikuta barabarani. Vijana walioyaona hayo walitaka pia nyimbo zinazosema maisha jinsi yalivyo.

Kazi ya kugeuza lugha

Palikuwa na tatizo moja ambalo kiburi cha kijana hakiwezi kulimaliza: lugha. Katika Kikorea kitendo kinakaa mwisho wa sentensi, na vitendo vinamalizika kwa sauti chache zilezile. Mtu akirap kama anavyosema kila siku, mistari yake yote inafungwa kwa sauti moja, na msikilizaji anachoka haraka. Ili vina viwe na ladha, inafaa kuvunja sentensi, kuhamisha maneno, na kutafuta sauti zinazolingana katikati ya mstari. Marapa wa Korea walibishana juu ya jambo hilo kwa miaka, na hip-hop yao ilikua katika mabishano hayo.

Tiger JK alianza kwa kuchanganya Kiingereza na Kikorea, kwa sababu ndivyo alivyozungumza. Albamu baada ya albamu, Kikorea kiliongezeka. Mwaka 2005 DJ Shine aliondoka katika kundi, na tangu hapo jina la Drunken Tiger likawa la Tiger JK peke yake. Lakini hakuwa peke yake katika kazi. Karibu naye lilikusanyika kundi kubwa la wasanii lililoitwa The Movement: Epik High, Dynamic Duo, Leessang, Bobby Kim na wengine. Walishirikiana katika albamu na majukwaa. Wengi kati ya hao walipata majina makubwa, na walimuita kaka yao mkubwa.

Mgongo uliokataa

Mwaka 2006 mwili wake ulimuangusha. Waganga walimkuta na ugonjwa wa kuvimba kwa mshipa mkuu wa fahamu unaopita ndani ya uti wa mgongo. Ugonjwa huo ni wa nadra. Unaweza kuondoa nguvu katika miguu kwa muda mfupi sana, na wengine hawatembei tena. Tiger JK alikuwa na miaka kama 32. Alitembea kwa fimbo, na dawa zilimnenepesha mpaka watu waliomjua wakashangaa.

Aliendelea kurekodi. Mwaka 2007 ilitoka Sky Is the Limit, albamu aliyoifanya akiwa mgonjwa. Ndani yake mna wimbo 8:45 Heaven, wa kumlilia mama mzee aliyemlea, nyanya yake. Wakorea waliomjua kama kijana mkali wa Los Angeles walimsikia analia kwa lugha yao. Kwa wengi, siku hiyo aliacha kuwa Mmarekani.

Nyumba moja

Mwaka huo wa 2007 alimuoa Yoon Mi-rae, muimbaji na rapa anayehesabiwa kati ya bora kuliko wote Korea. Yoon Mi-rae alizaliwa Texas mwaka 1981. Mama yake ni Mkorea, na baba yake alikuwa askari mweusi wa jeshi la Marekani. Alikua akichekwa kwa ajili ya rangi ya ngozi yake, katika inchi ambayo watoto wa namna yake waliitwa majina mabaya barabarani. Mwaka uleule wa 2007 alitoa wimbo juu ya utoto huo na kuuita Black Happiness, furaha nyeusi. Ndani yake alisimulia jinsi muziki wa baba yake ulivyompa nguvu alipotaka kubadilisha rangi yake.

Mwaka 2008 walizaa mtoto wa kiume, Jordan. Miaka 16 baada ya Sa-i-gu, katika nyumba ya kijana aliyepanda jukwaani kuomba Weusi na Wakorea wasikilizane, alizaliwa mtoto mwenye damu ya watu wote wawili. Ni kweli kwamba watu hawaoani kwa ajili ya siasa. Lakini katika nyumba hiyo hakuna tena wa kuuliza rap ni muziki wa nani.

Hata urafiki wake wa kazi ulifuata njia hiyo. Alirekodi na Rakaa wa kundi la Dilated Peoples, rapa wa Los Angeles ambaye naye ana asili ya Weusi na ya Wakorea.

Kufunga jina

Mwaka 2013, pamoja na mke wake na rapa mwenzao Bizzy, Tiger JK alianzisha kampuni yao ya muziki, Feel Ghood Music, huko Uijeongbu, mji wa kaskazini mwa Seoul uliojulikana zaidi kwa kambi za jeshi la Marekani. Mwanzoni mwa 2014 baba yake alifariki kwa kansa. Yule aliyewaelezea Wakorea muziki wa kigeni aliishi muda wa kutosha kuona mtoto wake akiufanya muziki mmoja kati ya hiyo kuwa wa Kikorea.

Wakati huo rap ilikuwa imekwisha kuenea. Mashindano ya marapa yalitazamwa katika televisheni kila mwaka, na mwaka 2017 Tiger JK mwenyewe alikaa kati ya waamuzi. Mwishoni mwa 2018 alitoa Drunken Tiger X, akatangaza kwamba ni albamu ya mwisho kwa jina hilo. Mmoja wa walioalikwa ndani yake alikuwa RM, kiongozi wa BTS, kundi ambalo mwaka huohuo lilifika nafasi ya kwanza ya albamu huko Marekani likiimba na kurap kwa Kikorea. Yule aliyefukuzwa na soko la 1995 kama mgeni alifunga jina lake akiwa amesimama kando ya kijana aliyezaliwa 1994.

Los Angeles pia haikubaki ileile. Wakorea wengi waliopoteza maduka mwaka 1992 hawakuyajenga tena kusini mwa mji. Watoto wao waliingia katika masomo ya sheria, uandishi wa habari na siasa, kwa sababu siku ile ya moto waliona kwamba hawana wa kuwasemea. Kila mwaka tarehe 29 mwezi wa nne, Weusi na Wakorea wa mji huo wanafanya makumbusho, mara nyingine wakiwa pamoja katika kanisa moja. Na mwaka 2021 uwanja mmoja wa michezo kusini mwa mji ulipewa jina la Latasha Harlins.

Wimbo wa kijana wa 1992 haukuyaleta hayo yote, na hakuna anayedai hivyo. Yeye alifanya sehemu yake. Wakati kila upande ulikuwa unahesabu wafu wake na maduka yake, alikwenda pale majirani walipokuwa, akasema nao kwa muziki wao. Kisha akaendelea na kazi hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano, akiwa mzima na akiwa na fimbo, mpaka Wakorea wakaona rap ni yao pia.